Modeli Isiyo na Mwenyewe

Swali

Ofisi yetu ya usanifu majengo iko Dar es Salaam na tuko wanane. Miaka miwili iliyopita tulitoka AutoCAD, programu ya kuchora kwa mistari, tukaenda Revit, ambayo inajenga modeli moja ya jengo zima. Sasa tuna hoteli ya ghorofa sita, na faili imekuwa nzito: ukiifungua unaweza kwenda kunywa chai ukarudi bado inafunguka. Wiki iliyopita kazi ya wenzetu wawili ilipotea. Ngazi za nyuma na vyoo vya ghorofa ya tatu vilikuwepo jioni, asubuhi havipo. Modeli tumeiweka Google Drive ili hata aliye nyumbani afanye kazi, na kwa kuwa leseni ni chache, baadhi yetu tunaingia kwa akaunti moja. Mhandisi wa miundo anatuletea DWG tu, yaani faili za michoro ya AutoCAD. Mkurugenzi anataka turudi AutoCAD, vijana wanataka tuhamie Archicad, programu nyingine ya modeli. Nimshauri nini?

Jibu

Dada, tuanze na kilichopotea, kwa sababu huenda bado kipo, na kadiri mnavyoendelea kufanya kazi ndivyo nafasi ya kukipata inavyopungua. Katika Revit, watu wanaofanya kazi kwenye modeli ya pamoja hawachori ndani ya modeli kuu. Kila mmoja anafungua nakala yake, na nakala hiyo ni modeli nzima, kuta zote na karatasi zote, ikiwa kwenye diski ya kompyuta yake. Aliyechora ngazi alizichora humo kabla hazijafika kwingine kokote. Kama hajaifuta, na kama asubuhi hakutengeneza nakala mpya ikaifunika ya jana, ngazi zenu zimo.

Kwa hiyo leo wote wafunge Revit. Chukueni diski ya nje, nakilini folda nzima ya mradi pamoja na ile folda ndogo yenye jina la modeli likifuatwa na neno "backup". Kisha pitieni kompyuta moja moja, mchukue nakala ya kila mtu na kuiweka kwenye folda yenye jina lake. Faili asilia msiziguse. Baada ya hapo, kwenye kompyuta moja tu, fungueni nakala hizo moja baada ya nyingine, mkiweka alama kwenye kisanduku cha kuitenga faili na modeli kuu na kile cha kuikagua, na mkichagua kuyabakiza mafungu ya kazi (worksets), yaani sehemu mlizogawana ndani ya modeli. Nakala iliyokamilika kuliko zote ndiyo mtakayoihifadhi kuwa modeli kuu mpya. Kinachokosekana humo mtakitoa kwenye nakala za wengine na kukibandika pale pale kilipokuwa, ghorofa ile ile, kwa amri ya kubandika inayoheshimu mahali pa asili. Vipimo na maandishi yakagueni kwa macho, karatasi kwa karatasi, kwa kuwa hayo ni mali ya mwonekano na hayafuatani na ukuta unaponakiliwa.

Mkishamaliza, msiirudishe Google Drive.

Google Drive inafaa kwa faili ambayo mtu mmoja anaifungua, anaibadilisha, anaifunga, halafu inapandishwa nzima. Modeli kuu ya Revit haiendi hivyo. Pamoja nayo kuna kumbukumbu ya nani ameshika ukuta upi kwa wakati huu, na kumbukumbu hiyo lazima iwe moja, mahali pamoja, isomwe na wote papo hapo. Mkiiweka kwenye Google Drive, au Dropbox, au OneDrive, kila kompyuta inajikuta na modeli kuu yake. Mwenzako wa ngazi anasawazisha, yaani anapeleka mabadiliko yake na kuchukua ya wengine, na iliyo kwenye diski yake, wa vyoo anasawazisha na iliyo kwenye yake, na Revit inawaambia wote wawili kwamba mambo yamekwenda vizuri. Inasema kweli kwa kile inachokiona. Baadaye faili mbili zinapanda kwa wakati wake, moja inaifunika nyingine, au moja inasukumwa pembeni ikiwa na jina lililoongezewa namba. Hebu pekueni ile folda. Si ajabu mkaikuta humo modeli ya pili ambayo hakuna aliyeitengeneza kwa makusudi.

Akaunti moja kwa watu wawili imeongeza tatizo. Mtu akishaingia kwa akaunti ya Autodesk, kampuni inayotengeneza Revit, programu inamtambua kwa jina la akaunti hiyo. Wawili wakiwa na jina moja, kwake ni mtu mmoja. Ule ulinzi wa kukuambia kwamba mlango huu umeshikwa na fulani, mwombe auachie, haufanyi kazi tena kati yao, kwa sababu hakuna fulani mwingine. Mnaweza kuhariri mlango mmoja kwa wakati mmoja na kugundua wakati wa kusawazisha, pengine msigundue kabisa. Leseni za siku hizi zinatolewa kwa mtu mmoja mmoja kwa jina, kwa hiyo mnavunja na mkataba pia. Ninaelewa bei inavyoumiza. Lakini kama leseni ni nne, basi wachoraji wa Revit wawe wanne, na wengine wafanye kazi zisizohitaji kuwa ndani ya modeli: kusoma na kusahihisha PDF, kuandika vipimo vya vifaa, kwenda saiti, kuchora michoro ya maungio kwenye AutoCAD ambayo bila shaka bado mnayo.

Modeli kuu ikae kwenye kompyuta moja ya ofisi iliyotengwa kuwa seva, yenye diski nzuri, iliyounganishwa na nyingine kwa kebo ya mtandao na si kwa Wi-Fi. Kila mtu aifikie kwa njia ile ile, jina lile lile la seva na la folda, na asiwepo mtu wa kuihamisha au kuibadilisha jina, maana nakala zote zinaikumbuka kwa anwani yake. Asubuhi kila mtu atengeneze nakala mpya kutoka modeli kuu. Asiendelee na ya juzi. Asawazishe kila baada ya saa moja hivi, na kila anapotoka kwenda kula au saiti, akiachia kila alichokishika. Msingoje wote saa kumi na moja jioni, kwa sababu modeli inawapokea mmoja baada ya mwingine, na mwenye haraka ya kuwahi daladala ndiye atakayezima kompyuta katikati ya zoezi.

Kuhusu umeme: UPS, betri za kushikilia umeme ukikatika, ziwepo kwenye seva na kwenye kifaa kinachogawa mtandao, hata kama wachoraji wana kompyuta mpakato zenye betri. Kukatika umeme wakati modeli kuu inaandikwa ni hatari kubwa kuliko kukatika mtu akiwa anachora, kwani wa pili atapoteza nusu saa yake tu.

Na akiba. Wengi wanaamini Revit inajiwekea akiba yenyewe, na ni kweli, lakini tazama inaweka ngapi. Kwa kawaida modeli ya pamoja inatunza hatua 20 za nyuma, na kila mtu anaposawazisha hatua moja inatumika. Watu wanne wakisawazisha kila saa, kufika mchana mnakuwa mmezimaliza, na ya jana jioni haipo tena. Akiba hiyo ni ya kosa la leo asubuhi. Ya wiki iliyopita lazima ninyi wenyewe muitunze: kila usiku modeli kuu inakiliwe kwenye diski nyingine kwa jina lenye tarehe, na mara moja kwa wiki nakala moja itoke nje ya jengo. Hapo ndipo Google Drive inapofaa, kutunza nakala zilizokwisha kufungwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nami sijui mali ya ofisi ya usanifu inayozidi modeli ya mradi unaoendelea.

Kwa aliye nyumbani kuna njia mbili zinazofanya kazi. Ya bei nafuu ni kuiendesha kompyuta yake ya ofisini kutoka nyumbani. Kinachosafiri kwenye intaneti ni picha ya skrini tu, modeli haitoki ofisini, na hata intaneti ya wastani inatosha. Ya pili ni huduma ya wingu ya Autodesk yenyewe, iliyojulikana kwa jina la BIM Collaborate Pro, iliyotengenezwa kwa ajili ya kushirikiana kwenye modeli moja kutoka miji tofauti. Hiyo inalipiwa kwa kila mtu juu ya leseni ya Revit. Kwa ofisi ya watu wanane walio mji mmoja, ningeanza na ya kwanza.

Sasa uzito. Jambo ambalo ningelitazama kabla ya mengine ni mchoro wa mpima ardhi. Mpima anawaletea DWG ya kiwanja ikiwa na bikoni zake kwenye mfumo wa UTM, unaotaja mahali kwa mita za mashariki na kaskazini, kanda ya 37 Kusini. Katika mfumo huo, kwa sisi tulio kusini ya ikweta, namba ya kaskazini huongezewa mita 10,000,000 ili isiwe hasi. Ndiyo maana bikoni ya kiwanja cha katikati ya Dar es Salaam inasomeka takriban 530,000 kwa mashariki na 9,247,000 kwa kaskazini. Revit kwa upande wake ina kitovu cha ndani, nukta ya sifuri isiyohamishika, na inafanya hesabu zake kwa usahihi ndani ya kilomita 16 kutoka hapo. Mara nyingi ndani ya DWG ya mpima kuna kitu kilichosahaulika karibu na sifuri, fremu ya karatasi au alama ya kaskazini, wakati kiwanja chenyewe kiko kilomita 9,000 na zaidi kutoka hicho kitu. Revit ikitafuta katikati ya mchoro inaipata katikati ya pengo hilo, na kiwanja kinaangukia maelfu ya kilomita kutoka kitovu cha ndani. Msanifu anakuza picha, anakiona kiwanja, anaanza kuchora hoteli juu yake. Hakuna kitu kinachoonekana kibaya siku ya kwanza. Baadaye mistari iliyonyooka inaanza kuonekana imemeng'enyeka, michoro ya kujaza sakafu inakataa kujaa, kuta mbili zinazogusana zinakataa kuungana, na kuzungusha jengo kunakuwa kwa kusitasita. Ofisi inalaumu kompyuta, inanunua mpya, na hali inabaki ile ile.

Washeni alama ya kitovu cha ndani kwenye mwonekano wa kiwanja, mpime umbali kutoka hapo hadi kwenye jengo. Kama hoteli iko karibu, mshukuruni aliyeianzisha. Kama iko mbali, kuihamisha ni kazi ya siku kadhaa inayotaka kupangiwa nafasi kati ya hatua mbili za mradi, msiifanye wiki ya kuwasilisha. Kwa mradi ujao fanyeni hivi tangu mwanzo: fungueni DWG ya mpima kwenye AutoCAD, futeni kila kisichohusu kiwanja, hifadhini nakala safi. Iungeni kwenye Revit katikati kwa katikati, mchague bikoni moja inayojulikana, muusogeze mchoro mpaka bikoni hiyo iwe jirani na kitovu cha ndani. Ndipo muiambie Revit kwamba nukta hii, kwa ulimwengu wa nje, ni mashariki kiasi fulani na kaskazini kiasi fulani, kwa namba zile zile za mpima, pamoja na mwinuko wake. Jengo linabaki karibu na sifuri, namba za serikali zinabaki sahihi, na mhandisi akiunga modeli yake kwa viwianishi vya pamoja inaketi mahali pake bila kusukumwa kwa mkono.

DWG za mhandisi nazo zinaweza kuwa sehemu ya mzigo, kutegemea mnaziingizaje. Kuna kuunga na kuna kuingiza. Ukiunga, mchoro unabaki nje, ukibadilika unaupakia upya, ukiisha kazi unauondoa na hauachi kitu. Ukiingiza, unakuwa nyama ya modeli. Na ukiuvunja vipande, kila tabaka lake, kila mtindo wa mstari na wa maandishi unabaki kwenye modeli yenu kama jina jipya kwenye orodha. Ninazijua modeli zenye mamia ya mitindo ya mistari ambayo hakuna mchoraji wa ofisi aliyeibuni. Ungeni tu, kwenye mwonekano mmoja unaohusika, na msivunje kamwe.

Kisha familia, yaani vitu vilivyo tayari kama milango, madirisha na masinki. Fungueni orodha ya familia zilizomo, mtafute zile zilizopakuliwa kwenye tovuti za watengenezaji. Bomba la sinki lililochorwa na kiwanda linaweza kuwa na uzi wa skrubu na nembo ya kampuni iliyochongwa kwa pande tatu, kwa sababu kiwanda kililichora kwa ajili ya kulitengeneza. Ninyi mnalihitaji lionekane kwenye mchoro wa 1:50 na lihesabiwe kwenye jedwali. Liweke mara moja haliumizi. Liweke kwenye kila chumba cha hoteli, na kila mwonekano unaofunguliwa unauchora uzi huo upya. Badilisheni na familia nyepesi ya kwenu. Kanuni ninayowapa ofisi ni hii: kisichoonekana kwenye 1:50 na kisichohesabiwa na mkadiriaji majenzi hakichorwi kwenye modeli, kinachorwa kwenye mchoro wa maungio.

Familia za kwenu nazo zinastahili muda. Maktaba inayokuja na Revit haiijui nyumba ya huku. Dirisha la kwetu ni la alumini la kuteleza, lina grili na lina wavu wa mbu, na kila kimoja kina fundi wake na bei yake. Tengenezeni dirisha moja ambalo grili na wavu ni vya kuwashwa na kuzimwa, na vinatokea kwenye jedwali kwa safu zake, upana na kimo. Tengenezeni ukuta wa tofali wa milimita 150 wenye lipu pande mbili, ili 180 mnayoipima kwenye mchoro ndiyo fundi anayoikuta. Paa la bati lenye kenchi na papi zilizopangwa kwa nafasi mnazozitumia kweli. Viwekeni kwenye kiolezo cha ofisi, mradi mpya uanze navyo. Mkadiriaji akiletewa jedwali la madirisha lililotoka kwenye modeli kama hiyo, anahesabu asubuhi moja kile alichokuwa akikihesabu kwa kalamu siku nzima, na anaanza kuwaamini.

Maonyo ya Revit hayana uzito sawa. Anzeni na lile linalosema vitu viwili vinavyofanana viko mahali pamoja, kwa kuwa kila kimoja kinahesabiwa na mtalipia milango ambayo haipo. Kisha vyumba visivyofungwa, maana eneo lake halitasomeka. Ukuta uliopinda kidogo nje ya mhimili unaweza kungoja.

Kompyuta nazitaja kwa ufupi. Kazi nyingi za Revit zinapita kwenye kiini kimoja cha prosesa, kwa hiyo kasi ya kiini ni muhimu kuliko wingi wa viini. RAM iwe GB 32 kwa wanaoshika hoteli. Lakini msinunue chochote kabla ya kusafisha.

Tuje kwa mhandisi. Kuleta DWG hakumfanyi kuwa nyuma. Wahandisi wengi wanakokotoa kwenye programu zao, na mchoro ndio zao la mwisho. Msimlazimishe kununua Revit. Mwombeni hivi: kama programu yake inaweza kutoa IFC, awape IFC pamoja na DWG, kama haiwezi, boriti na nguzo zake mzichore ninyi kwa vimo alivyoandika. IFC ni muundo wa wazi usiomilikiwa na kampuni moja, una kiwango chake cha kimataifa, ISO 16739, na Revit inausoma na Archicad inausoma.

Kwa nini mjisumbue kuchora boriti za mtu mwingine? Chukueni korido ya hoteli yenu. Tuseme sakafu hadi sakafu ni milimita 3,200, zege la sakafu ni 150, na boriti ina kimo cha 450 pamoja na sakafu. Chini ya boriti panabaki 2,750. Bomba la maji taka la milimita 110 linatoka choo cha chumba kwenda kwenye shimo la mabomba, mita sita, kwa mteremko wa 1 kwa 40. Linashuka milimita 150 njiani. Likipita chini ya boriti, mwisho wake uko 2,490 kutoka sakafuni, bado hujaweka vishikizo wala dari. Dari ya korido yenu, ambayo kwenye picha aliyopewa mteja ina 2,700, haiwezekani. Likipita juu, linaitoboa boriti, na kuitoboa si uamuzi wa fundi bomba akiwa saiti na nyundo. Michoro mitatu ya watu watatu, kila mmoja akiwa sahihi kwenye karatasi yake, haioneshi jambo hili. Mkato mmoja kwenye modeli unalionesha kabla nondo hazijafungwa, wakati mhandisi bado anaweza kupunguza boriti ya korido na kuipanua, au ninyi kuhamisha shimo la mabomba. Kwa hoteli ya ghorofa sita, hiyo peke yake inatosha kuwa sababu ya kubaki na modeli. Mwoneshe mkurugenzi huo mkato, wa jengo lake mwenyewe.

Nimefika kwenye jambo ambalo naona ndilo kiini cha swali lako. Karibu yote niliyoyaeleza yako kwenye mafunzo ya siku chache, na naamini baadhi yenu mnayajua. Hayafanyiki kwa sababu hakuna ambaye ni kazi yake kuyafanya. Mlinunua leseni, mkalipia mafunzo, lakini saa za kuitunza modeli hazikuwekwa kwenye bajeti ya mradi wala kwenye ratiba ya mtu yeyote. Ofisi inamlipa mtu kufagia na inamlipa mtu kutunza vitabu vya hesabu. Modeli, ambayo ndiyo inayoingiza fedha, haina mwenyewe.

Mteueni mratibu wa modeli. Kwa ofisi yenu haihitajiki ajira mpya. Anahitajika mmoja wenu mwenye siku moja kamili kila wiki isiyodaiwa na mradi, angalau kwa miezi ya mwanzo. Siku hiyo anaifungua modeli kuu kwa ukaguzi baada ya wengine kutoka, anaondoa visivyotumika, anaihifadhi upya kwa kuibana, anapitia maonyo, anajaribu kufungua nakala ya akiba kuhakikisha inafunguka, anapokea au kukataa familia mpya. Anaandika kurasa mbili, si sitini: modeli iko wapi, majina ya faili yanaandikwaje, nani anashika nini, toleo gani la Revit linatumika, michoro inatoka lini na kwenda kwa nani.

Ofisi nyingi hapa hukosea kwenye nani anateuliwa. Wanamchagua kijana aliyetoka chuo kwa sababu vidole vyake vina kasi. Kasi haitoshi. Mratibu lazima ajue jengo linavyojengwa, na lazima awe na idhini ya kumwambia mtu yeyote ofisini, mkurugenzi akiwemo, kwamba mchoro huu hautoki mpaka kuta zile zirekebishwe. Kijana akinyimwa idhini hiyo atajua kila kosa na hatalisahihisha hata moja, na baada ya mwaka ataondoka akiwa na ujuzi wote kichwani mwake. Kama mjuzi wenu ni kijana, muwekeni pamoja na msanifu mzoefu aliyesajiliwa, na mkurugenzi alitamke hilo mbele ya wote.

Kwenye folda pia gaweni hatua nne, kama viwango vya kimataifa vya kusimamia taarifa za majengo, ISO 19650, vilivyoanza kutoka 2018, vinavyoelekeza: kazi inayoendelea, iliyoshirikishwa na wataalamu wengine, iliyotolewa rasmi, na kumbukumbu. Sikushauri kuvitekeleza vyote. Lakini mteja wa kutoka Uingereza, ambako tangu 2016 serikali kuu inadai BIM, yaani kazi ya modeli yenye taarifa za jengo, kwenye miradi yake, atauliza lugha hiyo, na mgawanyo huu unazuia kosa la kawaida kabisa la mhandisi kukokotoa kwa mchoro ambao msanifu alikuwa bado anaufikiria.

Kuhusu Archicad, ni programu nzuri, na baadhi ya wasanifu ninaowaheshimu hawatumii nyingine. Malalamiko juu ya bei ya Revit si ya Dar es Salaam peke yake. Julai 2020 ofisi kubwa za Uingereza, Zaha Hadid Architects na Grimshaw zikiwemo, ziliiandikia Autodesk barua ya wazi zikilalamikia gharama zinazopanda na maendeleo madogo ya Revit. Kwa hiyo vijana wana hoja. Ila mkihama sasa mtahama na mchoro wa mpima ulioko mbali, bila mratibu na bila akiba, na kiolezo kitaanza sifuri. Malizeni hoteli kwenye Revit, kwenye toleo lile lile mlilonalo. Msipandishe toleo katikati ya mradi hata kama jipya linavutia, kwani faili iliyokwisha kuhifadhiwa kwenye toleo jipya haifunguki tena kwenye la zamani, na mhandisi wa mifumo ya umeme na mabomba mtakayemwongeza mwezi ujao huenda bado yuko kwenye la zamani. Muulizeni kabla ya kusaini naye. Hoteli ikishakabidhiwa, pigeni hesabu ya leseni za miaka mitatu za programu zote mbili, muongeze gharama ya kuzitengeneza upya familia zenu na wiki za mafunzo, ndipo mkae na vijana mezani.

Kwa mkurugenzi, omba vitu vitatu wiki hii: kompyuta ya kuwa seva na UPS yake, kila mchoraji wa Revit awe na leseni yake, na siku moja kwa wiki ya mratibu. Cha tatu ndicho atakachokipinga, kwa sababu hakina risiti. Shikilia hicho kuliko viwili vya kwanza.